Earl wa Wichita na Mkataba wa Kocha Dabney

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi wa michezo amelala fofofo. Mji mzima wa Harlan Fork unajua. Kocha Dabney amewafikisha wasichana wetu wa mpira wa kikapu mahali ambapo Korongo, timu ya chuo chetu, hawajawahi kunusa tangu kijengwe. Mkataba wake unaisha msimu huu. Na Bi Ostrander, mkurugenzi mwenyewe, anasema nini gazetini? "Tunazungumza. Wakati ukifika mtajua." Wakati ukifika! Kama vile anangojea mahindi yaive!

Asubuhi mkahawani kwa Pete. Niliweka hoja mezani kwa utulivu. (Pete anadai nilipiga meza. Kikombe kilianguka chenyewe.) Nikasema kocha mzuri ni kuku wa mayai, humfungii banda mbweha akishapita. Vichwa vikatikiswa kuniunga mkono. Ndipo Threlkeld, daktari wa meno, ambaye hajakubaliana nami tangu tukiwa darasa moja, akafuta mdomo taratibu na kuuliza kama tumemsahau kocha wa futiboli. Yule tuliyempa mkataba mrefu kama reli kwa sababu ya msimu mmoja mzuri. Akashindwa mfululizo, chuo kikamlipa aondoke, sasa anavua samaki Florida kwa hela zetu. Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa na haraka, akasema. Huyu mama hana haraka. Mwacheni afanye kazi yake.

Nikamwambia chelewachelewa utakuta mwana si wako. Akasema haraka haraka haina baraka. Nikamwambia, daktari, hata jino ukilisubiri linaoza! Mkahawa mzima ukacheka. Ushindi. Threlkeld akaondoka bila kumaliza kahawa yake.

Nimeamua. Lazima mtu amwamshe huyu mama. Mtu huyo ni mimi, Delbert Rausch wa Magodoro ya Rausch, Barabara Kuu, mkabala na benki.

Jumanne, 4 Machi

Mbele ya duka langu nina ubao wa matangazo ambao Walutheri, wenye ubao wao kanisani, wanauonea wivu hadharani. Leo nilipanda ngazi mapema, nikapanga herufi kwa mkono wangu: MKURUGENZI AMKA. MPE KOCHA MKATABA. GODORO NUSU BEI. Siasa na biashara juu ya ubao mmoja. Nilishuka nikiwa najipenda.

Upepo wa Kansas hauna adabu. Kufika mchana ulikuwa umechagua herufi zake na kwenda nazo. Zilizobaki: MPE KOCHA GODORO.

Mimi nilikuwa ndani, sina habari. Kwanza akaingia mama mmoja wa kanisani na blanketi, akauliza kwa uchungu tangu lini yule binti, kocha wetu, analala sakafuni. Halafu wengine wawili, na mito. Threlkeld alikuwa ameshapiga picha na kuisambaza. Chini ya picha aliandika kwamba hatimaye Rausch ametoa hoja yenye mashiko.

Kisha akaja Kocha Dabney mwenyewe. Mrefu, filimbi shingoni, macho yamechoka. Akaniambia kwa heshima, "Bwana Rausch, kitanda ninacho. Ahsante sana." Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikamuuliza, bila kuzunguka, kama mkataba amesaini. Akacheka. Simu yake ikalia, akaitazama, akasema "Mama," akatoka nje kupokea. Alikaa na ile simu muda mrefu kwenye upepo, mkono mmoja umeziba sikio.

Mtu anayecheka vile ukimtajia mkataba anaficha kitu. Anaondoka! Hakuna maelezo mengine.

Blanketi na mito nimevipanga dirishani. Vinapendeza.

Jumatano, 5 Machi

Kosa la jana lilikuwa kusema na mkurugenzi kwa upole. Mtu aliyelala humwambii amka. Unamwambia nyumba inaungua.

Kila jioni mji wote husikiliza kipindi cha Skip Vondra redioni, mashabiki wanapiga simu na kulalamika. Nikajifungia stoo. Sauti ikipita katikati ya magodoro inakuwa nzito, ya heshima. Nikaweka leso mdomoni. Nikasema mimi ni Earl, dereva wa lori, napiga kutoka Wichita, na nilipopita hapo Harlan Fork nimeona kwa macho yangu ndege ya Chuo cha Corvane, cha kule Oregon, imetua kwenye kiwanja chenu kidogo. Wamekuja kumchukua kocha.

Kwa nini Corvane? Kwa sababu iko mbali. Nani atakwenda Oregon kuhakikisha?

Skip karibu ameze kipaza sauti. "Earl, hiyo ni kweli?" Nikamjibu ni kweli tupu kama maji ya kisima. Nikakata.

Kazi safi. Nilipofika nyumbani mke wangu Lorene alikuwa anapakua chakula, redio bado inaongea. Hakugeuka. Akasema, "Earl wa Wichita ana mafua kama yako, mume wangu." Nikamwambia mafua yamezagaa msimu huu, hasa kwa madereva.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua kutwa. Lakini uvumi haulowi! Kwa Pete ndege imeshakuwa mbili. Mmoja akasema watu wa Corvane walionekana wakipima nyumba ya kocha kwa futi. Mwingine akasema kocha ameanza kuuza jiko lake. Threlkeld, Threlkeld huyuhuyu, akaninong'oneza kwamba binamu yake anamfahamu vizuri sana huyo Earl, ni mtu mkweli, wa familia nzuri. Nikamwambia na mimi nimesikia hivyo.

Hata wale waliomtetea mkurugenzi wameanza kuyumba. Threlkeld bado anashikilia subira huvuta heri, lakini sauti imepungua. Akauliza, basi mkurugenzi angefanya nini, amfunge kocha kamba? Nikasema kamba ipo, inaitwa mkataba, na kalamu ipo, na mkono anao.

Bi Ostrander hajasema neno. Kesho atasaini. Nauona mkono wake ukitafuta kalamu.

Ijumaa, 7 Machi

Nikafikiri: uvumi mzuri unahitaji picha. Nitakwenda kiwanjani, nipige picha ya ndege yoyote, kwa mbali, iwe na ukungu kidogo. Nikaendesha hadi huko.

Ndege ipo.

Si yoyote. Nyeupe, ina mstari wa kijani, imeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa: CORVANE. Nilisimama mdomo wazi hadi upepo ukaniingiza vumbi. Kwanza nilifurahi, nikasema kumbe nilikuwa nasema kweli! Kisha nikakumbuka kwamba ile ndege niliitunga mimi.

Mabwana wawili wakanijia wakiwa na makoti mazuri na viatu visivyojua Kansas. Wapole sana. Mmoja akaniambia kisa bila kuulizwa. Kipindi cha Skip kinasikika hadi kwao kwa njia ya mtandao. Walisikia kwamba wanamtaka Kocha Dabney. Walishangaa. Wakakaa kikao, wakatazama matokeo yake, wakaona ni kweli, wanamtaka. Wakapanda ndege. "Sasa, mzee wangu, tunaweza kumpata wapi?"

Hapa ndipo mtu mwingine angechanganyikiwa. Mimi nikatabasamu. Nikawaelekeza kwa ukarimu: fuateni barabara ya udongo, mpite mabanda ya ng'ombe, kateni kona kwenye kinu cha upepo kilichoanguka, nyumba ya mwisho. Huko ni shambani kwa shemeji yangu Milo. Mvua ya jana imefanya ile barabara kuwa uji. Nikajua watakwama hadi wakate tamaa na Kansas yote. Nikarudi dukani napiga mluzi.

Jioni Milo akapiga simu, anacheka hadi anakohoa. Mabwana wawili walikwama kwenye tope mbele ya lango lake, viatu vimebaki ndani. "Bahati yao," akasema, "Kocha Dabney alikuwa pale, kila Ijumaa anakuja kwangu kuchukua mayai. Amelifunga gari lao kamba, amelivuta na pikapu yake. Halafu wamekaa jikoni kwangu, wote watatu, wamekula mchuzi wa maharage wenye pilipili na mkate wa mdalasini. Wameongea weee! Watu wazuri sana. Umewatoa wapi?"

Nilikaa juu ya godoro la maonyesho. Hata hivyo, si jambo baya. Mkurugenzi akijua wameonana, atasaini haraka zaidi. Mpango unakwenda vizuri kuliko nilivyoupanga.

Jumamosi, 8 Machi

Mechi ya mwisho nyumbani. Ukumbi umefurika. Tumewapiga! Wasichana walimbeba kocha. Nikasimama juu ya kiti nikaanzisha, "Saini! Saini! Saini!" Ukumbi mzima ukaitikia, mabati yakatetemeka. Threlkeld peke yake aliketi, mikono kifuani, kama mtu anayengojea ganzi ishike.

Bi Ostrander alikuwa mstari wa mbele. Mdogo, koti la kijivu, mikono mapajani. Hakugeuka. Mtu nyuma yangu akamwita mwoga. Mwingine akamwita neno ambalo Lorene ameniomba nisiandike. Aliendelea kutazama mbele tu, akapiga makofi wachezaji walipopita.

Kocha alimwendea, akainama, akamkumbatia muda mrefu. Watu wakazidi kupiga kelele. Unafiki, nikamwambia Lorene. Lorene akaniambia niteremke kwenye kiti.

Jumanne, 25 Machi

Sikuandika siku nyingi. Tulikuwa na mashindano ya taifa, sauti yangu imekwisha. Tumetolewa Jumapili, kwa heshima, na kwa kosa la mwamuzi.

Leo kocha aliwaita watu wote ukumbini. Nilikwenda na keki, nikijua ni sherehe ya mkataba.

Anaondoka. Anakwenda Corvane.

Alisimama bila karatasi. Akasema mama yake yuko Oregon, karibu na hapo Corvane, na kumbukumbu zinamtoka. Siku nyingine akimpigia, mama anamuuliza wewe ni nani. Akasema alikuwa hajui afanye nini: kuwaacha wasichana hawa au kumwacha mama. Haikumjia hata ndotoni kwamba kule kuna kazi. Hadi mtu mmoja alipopiga simu redioni. Hapo akacheka huku analia. "Sijui Earl wa Wichita ni nani. Earl, kama unasikiliza, Mungu akubariki. Nitakuwa namlisha mama chakula cha jioni."

Wasichana wanalia waziwazi. Jicho langu likaniwasha. Vumbi. Ukumbi ule haufagiliwi ipasavyo.

Ina maana kocha wa Korongo anatoka Oregon! Nikamuuliza Lorene kama alijua. Akasema imeandikwa katika kila ratiba ya mechi, chini ya picha yake, tangu alipokuja. Nani husoma chini ya picha?

Keki niliila nyumbani. Lorene hakula.

Jumatano, 26 Machi

Kwa Pete leo hapakukalika. Mji umegawanyika kama mkate. Upande mmoja: Ostrander ametupotezea kocha, angesaini Januari, Corvane isingemgusa. Huo ndio msimamo wangu, na nilikuwa nao kabla haujawa maarufu. Upande wa pili, wa Threlkeld: mkurugenzi hana kosa, kocha angekuwepo leo kama si yule mpuuzi wa redioni. Earl ndiye aliyewaonyesha mbweha mlango wa banda.

Nikasema Earl ni mpenzi wa michezo tu. Threlkeld akasema binamu yake hajawahi kumfahamu huyo mtu, na kwamba akimshika atamng'oa meno bila ganzi, ya juu na ya chini. Watu wakashangilia. Ghafla pande zote mbili zikawa kitu kimoja! Wote wanamtaka Earl. Ikaundwa kamati ya kumsaka hapohapo, kati ya mayai na kahawa.

Wakanichagua mwenyekiti.

Threlkeld mwenyewe ndiye aliyenipendekeza. Akasema tofauti zetu tuziweke kando, hakuna mtu mjini anayependa kuingilia mambo kama Rausch. Sijawahi kusifiwa hivyo. Nilikubali kwa unyenyekevu. Nikatoa maagizo ya kwanza: nguvu zote zielekezwe Wichita.

Ijumaa, 28 Machi

Mchana, duka tupu, kengele ya mlango ikalia. Bi Ostrander. Yuleyule, koti lilelile la kijivu.

Akasema anatafuta godoro. Tangu Januari hajalala vizuri. Nikamwonyesha yote. Alijilaza juu ya lile la kati, viatu kaning'iniza nje asichafue, akafumba macho. Nikaona mteja amelainika. Nikamwambia, mama, kwa heshima zote, ungesaini mapema ungelala.

Hakufumbua macho. Akasema, "Mkataba ulikuwa tayari tangu Januari, Bwana Rausch. Alikuja ofisini kwangu akilia. Nikamwambia kiti chako kipo, kalamu hiyo hapo. Ukiweza, saini. Usipoweza, nenda kwa mama yako, na mimi sitakushika. Akaniomba nisimwambie mtu hadi msimu uishe, wasichana wasije wakavurugika."

Nikauliza kwa nini basi hakujitetea, mji mzima ulikuwa unamtukana. "Siri haikuwa yangu," akasema.

Nilinyoosha shuka moja lililokuwa limeshanyooka. Nikasahau hata kumtajia bei. Hili halinitokei mara nyingi.

Akainuka, akavaa koti vizuri. Akasema ameisikiliza ile simu ya Earl, Skip aliihifadhi. "Earl anasema ni kweli tupu kama maji ya kisima. Umewahi kumsikia mtu mwingine akisema hivyo?"

Nikamwambia ni msemo mzuri sana, mimi mwenyewe nautumia redioni kila asubuhi kutangaza magodoro.

"Najua," akasema. "Nasikiliza kila asubuhi." Nikamshukuru. Ni nadra kukutana na mtu mkubwa anayethamini matangazo. Kisha akasema, "Wewe si ndiye mwenyekiti wa kamati? Mkimpata, mwambieni mama mmoja mzee amerudishiwa mtoto wake. Na mwambieni asirudie tena, maana safari ijayo huenda isiwe hivyo." Nikamwahidi ujumbe utafika. Akashika mkono wangu, akaubana kidogo, akachukua lile la kati.

Nilimsimulia Lorene. Lorene akaweka kijiko chini. "Delbert, amejua." Nikamwambia hajui lolote, alikuja kwa ajili ya godoro. Lorene akasema mume wangu, wewe una bahati ya nani sijui, maana yule mama angekutaja kwa Pete leo ungekuwa huna jino. Wanawake wanapenda kukuza mambo.

Lakini nakiri: huyu mama ana moyo. Mtu mwenye moyo mzuri namna hiyo anahitaji msaada. Hawezi kuachiwa kazi ile peke yake.

Jumatatu, 31 Machi

Ametangaza kocha mpya. Ni Tamsin Oyler, aliyekuwa msaidizi wa Dabney. Binti hodari, wachezaji wanampenda. Na mkataba ameshampa! Siku hiyohiyo! Wa miaka mingi!

Nilipiga meza kwa Pete. Haraka yote hiyo ya nini? Hajasimamia hata mechi moja! Tumesahau kocha wa futiboli? Haraka haraka haina baraka! Threlkeld akanitazama kama mtu aliyeona jino likiota kwenye goti. Akasema yeye anamuunga mkono mkurugenzi: chelewachelewa utakuta mwana si wako. Nikamwambia mtu asiye na msimamo hafai kujadiliana naye. Nikaondoka bila kumaliza kahawa.

Nimetembea, nimefikiri. Kelele za mkataba hazina maana. Dabney alikuwa amewekewa mkataba mezani, akaenda. Karatasi haimshiki mtu. Kinachomshika mtu ni jamaa! Mama yake Dabney angekuwa Harlan Fork, Dabney angezeeka hapa. Na huyu Tamsin je? Kwao ni Nebraska. Hana mume, hana mchumba, nimeulizia. Siku yoyote anaweza kuondoka.

Sasa, Threlkeld ana mtoto wa kiume, Wendell. Daktari wa meno naye, mpole, ana nyumba, hajaoa. Hana hili wala lile, anangoja mtu amfikirie. Ni jambo la kuwakutanisha tu, kwa ustadi, bila wao kushtuka, na bila mzee wake kujua ni nani aliyelipanga. Ndoa yenyewe tunaweza kuifunga kabla ya msimu. Godoro nitatoa mimi. Bi Ostrander atalala kama mtoto mchanga.

Sijamwambia Lorene. Atakuza mambo.

Kesho asubuhi nina miadi ya kung'olewa jino kwa Wendell Threlkeld. Meno yangu hayaumi hata moja.